Mkonge ni wa Wamaya, Kiondo ni cha Nani?

Mwaka jana nilirusha video fupi, haikufika hata dakika moja, nikaiita "Wajapani Walivyotuibia Kiondo". Nilisimama mbele ya ukuta wa duka hapa Kinango, kiondo cha nyanya yangu mkononi, napaza sauti kama mhubiri wa stendi. Hakuna video yangu iliyowahi kupata watazamaji wengi kama ile. Watu walikasirika, wakawatumia wenzao, wakawatukana Wajapani ambao hata hawajui Kinango iko upande gani wa dunia.

Leo nairudia ile habari kwa maandishi. Sehemu kubwa ya niliyosema haikuwa kweli, na aliyenisahihisha ni mama mmoja mwenye simu ya mulika mwizi, ambaye hajawahi kuona ukurasa wangu hata siku moja.

Kwa wageni wa hapa, mimi ni mtoto wa Kinango, miaka 22, chuo kikuu niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, nami nikakata tamaa, vyote viwili kwa pamoja. Nataka ujue jambo moja kabla hatujaendelea. Ile karo kidogo iliyowahi kulipwa, tangu sekondari, ilitoka kwa mbuzi, kwa mahindi mwaka wenye mvua, na kwa vyondo. Mwaka usio na mvua vilibaki vyondo peke yake. Nyanya alisuka akiwa anapika, akiwa anangoja maji, akiwa kanisani. Sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Sisi wavulana tulichunga, kusuka tukaona ni mambo ya wanawake wasiosoma. Niliwahi hata kulisema hilo mbele yake, na akaendelea kusuka.

Sasa twende.

Mwezi wa saba nilipata kazi ya kumtembeza mgeni mmoja Diani, mama wa makamo kutoka Ulaya. Nilimpeleka ufukweni, nikampeleka kuona mbuyu mkubwa, nikampigia hadithi. Jioni, tukinywa madafu, alinionyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa amekaa chini, mkanda umemzunguka kiunoni, nyuzi zimevutwa kutoka kwenye mkanda hadi kwenye nguzo mbele yake. Akirudi nyuma kidogo nyuzi zinakaza, akisogea mbele zinalegea. Yaani mwili wake mwenyewe ndio nusu ya mtambo.

Akaniambia hapo ni Quetzaltenango, Guatemala, alikwenda kujifunza kufuma kwa akina mama wa Kimaya. Kikundi chao kinaitwa Trama Textiles, kilianzishwa mwaka 1988. Tarehe hiyo ina uzito wake. Guatemala ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe tangu 1960, na vita havikuisha mpaka 1996. Watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotea, na wengi wao walikuwa Wamaya. Wanaume walipokwisha, wanawake walibaki na watoto na ufundi wa mama zao. Wakakusanyika wauze kwa pamoja, na baadaye wakafungua mlango kwa wageni waje wajifunze kwa kulipa.

Halafu akaniuliza swali jepesi tu: "Na hapa kwenu nani anafundisha?"

Nikajibu bila kufikiri: "Nyanya yangu."

Siku mbili baadaye tukapanda matatu Ukunda, tukashuka Kombani, tukabadilisha kupanda mlima hadi Kwale, halafu tukashika njia ya Kinango. Ukishauacha ule ubichi wa Shimba Hills, ardhi inageuka mbele ya macho yako. Miti inakuwa mifupi na yenye miiba, udongo unakuwa mwekundu, na kando ya mashamba unaona safu za mkonge zimesimama kama mikuki. Mgeni aliutambua mmea kabla sijasema kitu. Akacheka, akasema: "Huu si wa kwenu. Huu ni wa kule nilikotoka."

Nilidhani anatania. Usiku ule nilikaa na bando la jero nikatafuta. Hakuwa anatania.

Neno "sisal", ambalo Wazungu huuita mkonge, ni jina la bandari. Sisal ni mji mdogo wa pwani katika rasi ya Yucatán, Mexico, nchi ya Wamaya. Nyuzi zilizotoka huko zilipakiwa bandarini hapo, na watu wa nje wakaziita kwa jina la bandari, kama vile sisi tulivyoita kitambaa cha Marekani "merekani". Wamaya walikuwa wakisokota kamba, wakifuma mifuko na kamba za kulalia kwa nyuzi za mimea ya jamii hiyo karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Karne ya 19 matajiri wa Yucatán walianzisha mashamba makubwa ya mmea ndugu wa mkonge, na waliofanya kazi humo ni Wamaya hao hao, wakifungwa na madeni yasiyokwisha.

Miaka ya 1830, balozi mdogo wa Marekani aliyekaa Campeche, Henry Perrine, alipeleka miche Florida. Kutoka Florida, mwaka 1893, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, akaagizia kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki miche ipatayo 1,000. Ilipita Hamburg, ikavuka bahari, na ilipofika upande wa Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili tu, bana! Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Pangani hadi mpaka wetu wa Lunga Lunga si safari ndefu, na Wadigo wako pande zote mbili za mpaka huo.

Kutoka miche hiyo yalitokea mashamba yasiyo na mwisho. Vita vya kwanza vya dunia vikampokonya Mjerumani, Mwingereza akachukua, mashamba yakauzwa kwa wengine. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, na kwa vile kila mmoja alipewa namba, wakaitwa manamba. Hebu fikiria hilo. Mtu ana jina, ana ukoo, lakini shambani ni namba. Kenya nayo ikapanda, kuanzia Thika hadi Vipingo na Mwatate. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 hakuna nchi duniani iliyoishinda kwa mkonge, na mwaka 1964 ilivuna zaidi ya tani 230,000. Baadaye zikaja kamba za nailoni na plastiki kutoka viwandani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Sasa angalia, katika historia yote hiyo ya mkonge, kuanzia Sisal mpaka Pangani, mkulima mdogo wa nchi kavu kama Kinango hatajwi popote. Kwa wenye mashamba, mkonge ulikuwa wa kufungia mizigo ya meli. Kwetu ukawa ua wa shamba, wa kuzuia mbuzi wa jirani. Na kwa mama zetu ukawa uzi.

Kiondo chenyewe, hata hivyo, ni kikubwa kwa umri kuliko mkonge. Wanawake wa Kikamba na wa Kikikuyu walisuka vyondo kwa nyuzi za magome, na kwa Wakamba mbuyu ulikuwa ndio duka la uzi. Unabandua gome la ndani, unalitafuna au unalilainisha, unasokota. Wakamba hawakuletwa pwani na reli. Karne ya 19, kabla ya Mwingereza kutawala, walikuwa tayari wana vijiji vyao nyuma ya Mombasa, wamekimbia njaa au wamefuata biashara ya pembe. Hapa Kwale wako mpaka leo, kuanzia Shimba Hills hadi Mackinnon Road. Sisi Wamijikenda tulikuwa na ususi wetu wa miyaa: unasuka ukili mrefu, halafu unashona ukili kwa ukili mpaka upate mkeka au kikapu. Kwa hiyo Kinango ni mahali ambapo mikono miwili ilikutana, wa miyaa na wa uzi wa kusokota. Halafu ukaja mmea wa Wamaya, unaoishi bila mvua, ukawapa wote uzi wa bure.

Na kwa nini kikapu kilibaki wakati mengine yalikufa? Pwani hii ilikuwa inafuma nguo zamani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya kusokotea pamba Kilwa na Shanga. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alieleza juu ya nguo za huko zilizokuwa zikipelekwa mpaka Misri. Kisha mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na merekani kutoka viwanda vya Massachusetts ikamwagika kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hangeweza kushindana nayo. Hata hando, vazi tunalojivunia kama asili ya Mmijikenda, leo hushonwa kwa kitambaa cha dukani. Kikapu hakikupata kiwanda cha kukishinda mapema. Kilikuwa cha wanawake, cha kubebea mahindi, hakikumvutia tajiri. Dharau ndiyo iliyokiokoa.

Historia imetosha kidogo, nirudi darasani.

Mgeni wangu alikaa siku moja, akalipa, akaondoka na duara dogo la kuwekea kikombe. Mimi nilikaa wiki tatu. Kikundi ni cha akina mama kama kumi na watano, Waduruma wengi na Wakamba wachache, wanakutana chini ya mkwaju nje kidogo ya mji. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao kabla macho hayajampunguza. Aliyenifundisha ni mama mwingine, wa umri wa mama yangu, nami nitamwita Mwalimu tu.

Somo la kwanza halikuwa na kusuka ndani yake. Nilipewa panga na kuambiwa nikakate majani ya mkonge, nitoe miiba, nipasue kila jani vipande vyembamba. Kisha unabana kipande kati ya ubao na bapa la panga, unavuta kwa nguvu, nyama ya kijani inabaki nyuma, zinatoka nyuzi nyeupe. Maji ya mkonge yanawasha. Jioni ile mikono yangu ilikuwa na vipele mpaka kwenye viwiko, na akina mama wakanicheka vizuri.

Somo la pili ni kusokota. Unaweka nyuzi mbili juu ya paja, unazisukuma mbele kwa kiganja zijisokote kila mmoja peke yake, halafu unazirudisha nyuma zikumbatiane. Mbele, nyuma. Mwalimu alikuwa anaongea habari za mazishi ya jirani, hatazami, na uzi unatoka pajani mwake sawasawa kama wa kiwandani. Wangu ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, kama nyoka aliyemeza panya. Siku nne nzima nilisokota tu. Kiondo kimoja cha kati kinakula uzi mrefu kuliko unavyodhani, na ukikiona dukani huoni hata mita moja ya kazi hiyo. Unaona rangi.

Somo la tatu ndipo ukaanza kitako. Unakata nyuzi za mtande, unazifunga katikati zitawanyike kama miale ya jua, halafu unazungusha nyuzi mbili za mshindio, moja mbele moja nyuma, zikibadilishana kila baada ya uzi wa mtande. Kitako kikipanuka unaongeza mtande. Ukiongeza mapema, kinakunjamana. Ukichelewa, kinakuwa na matundu. Hakuna karatasi ya kukuambia ni lini. Nilipouliza nihesabu mizunguko mingapi, Mwalimu alishika kitako changu, akakibonyeza kwa gumba, akasema: "Usihesabu, baba. Sikia."

Siku hiyo, nikitaka kuonyesha kwamba na mimi nina kitu, niliwachezea video yangu ya Wajapani. Wakaikusanyikia simu. Ilipoisha kukawa kimya, halafu mmoja akauliza kwa dhati kabisa: "Sasa huyu Mjapani kama kaiba kiondo, hiki nilichoshika mimi ni nini?"

Nikajaribu kueleza habari ya hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi. Mwalimu akanikatiza. "Mwanangu, Mjapani mimi simjui. Anayeniibia namjua. Anakuja na pikipiki."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu na mimi siku zote nilikuwa nakuja na pikipiki.

Ndiyo, nakiri hapa. Tangu niache chuo nimekuwa nikinunua vyondo kwa akina mama, nyanya yangu akiwa kati yao, kwa shilingi 600, nikipiga picha nzuri jua likizama, na kuviuza mtandaoni kwa 2,200. Nilijiambia ni hasola. Nilijiambia kazi ni kutafuta soko, na mimi ndiye ninayelitafuta. Na nilikuwa nawalipa shilingi 50 zaidi ya broka mwingine, kwa hiyo nilijiona mtu mwema.

Basi tuzungumze juu ya wizi, mkubwa na mdogo.

Hii hadithi ya Japani kumiliki kiondo imezunguka Kenya miaka mingi, kwenye magazeti na kwenye simu. Kila anayeisimulia ameisikia kwa mwingine. Mimi niliisimulia bila kuona namba ya hataza hata moja, na nilipokwenda kuitafuta baada ya darasa sikuiona popote. Zaidi ya hapo, hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kikapu ambacho kila bibi amekisuka tangu zamani si uvumbuzi mpya wa mtu yeyote. Kilichotokea kweli ni tofauti. Miaka ya 1980 vyondo vilipendwa sana Ulaya, Marekani na Japani. Mwezi wa saba mwaka 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa dunia wa wanawake, maelfu ya wageni wakaondoka na kiondo begani. Halafu viwanda vya Asia vikaanza kutoa vya kuigiza, rahisi, vya mashine. Hakuna sheria iliyovunjwa. Soko liliporomoka tu, na wanawake wa vijijini wakabaki na vyondo ukutani.

Cha kikoi kilikuwa na karatasi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara. Ingefaulu, mfumaji wa Kenya asingeweza kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi. Wakenya walipinga, wakasaidiwa na Traidcraft, shirika la Waingereza la biashara ya haki, pamoja na mawakili, na maombi yale yakaanguka. Somo la hapo ni kwamba huwezi kupinga kwa hasira ya mtandaoni. Unapinga kwa faili, kabla tarehe haijapita.

Wamaya wameelewa hilo. Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala, wakiongozwa na chama cha wanawake kiitwacho AFEDES, walikwenda Mahakama ya Katiba kulalamika kwamba sheria za nchi hazilindi michoro ya nguo zao, huku makampuni yakiinakili na kuiuza. Mwaka uliofuata mahakama ikaliambia bunge litunge sheria. Hawakudai kila mfumaji apewe hati yake. Walidai jamii nzima itambuliwe kuwa mwenye mali, maana mchoro wa kijiji hauna mvumbuzi mmoja.

Na sisi? Ukweli wa kuchekesha ni kwamba sisi sheria tunayo. Ilipitishwa mwaka huo huo, 2016, kulinda maarifa ya jadi na sanaa za tamaduni, na inazitaka serikali za kaunti zisajili maarifa hayo. Niliwauliza akina mama chini ya mkwaju kama wamewahi kuisikia. Mmoja akauliza kama inaleta mbolea.

Simlaumu. Maana sheria hiyo, hata ikifanya kazi vizuri kabisa, inamzuia mtu wa mbali asichukue jina na mchoro. Haimzuii mtu wa pikipiki. Na kwa mama wa Kinango ni yeye aliye karibu.

Nilifanya hesabu. Kiondo changu kilinichukua siku 19, saa tatu kwa siku, yaani saa 57. Mwalimu angekimaliza kwa nusu ya hizo, tuseme saa 30 ukijumlisha kukwangua na kusokota. Mimi nampa 600. Hiyo ni shilingi 20 kwa saa, kabla hujatoa ya rangi. Mwaka 2022, ule ukame ulipotubana, tulinunua mtungi wa lita 20 wa maji kwa bei iliyozidi hapo. Maana yake, saa nzima ya mikono iliyofundishwa na mama aliyefundishwa na mama yake haikununua mtungi wa maji. Na mimi kwa picha moja ya machweo nilibaki na 1,600.

Hapo ndipo nikasoma ile biashara ya haki ni nini hasa, maana nilidhani ni kibandiko tu cha kuwafurahisha Wazungu. Shirika lao la dunia, WFTO, lina kanuni 10. Nyingi ni maneno mazuri ya kawaida. Moja iliniuma. Inasema mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, atoe angalau nusu ya malipo kabla kazi haijaanza, tena bila riba. Nilijua mara moja kwa nini iko pale. Mama akiishiwa unga akiwa na kiondo nusu, atakimaliza usiku na kukiuza kwa bei yoyote asubuhi. Broka halazimiki kuwa katili. Anangoja tu. Na mimi, nakumbuka, nilikuwa napenda kwenda kununua mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, kwa sababu "bei huwa nzuri".

Usije ukadhani hata hivyo kwamba kibandiko ni uchawi. Traidcraft yenyewe, ile iliyosaidia kikoi, biashara yake ilifilisika mwezi wa kwanza 2023. Duka likifungwa London, mama wa Kinango hapati barua. Ndiyo maana nadhani wale wa Quetzaltenango walifanya akili kuuza masomo pia. Nguo unaweza kuinakili kwa picha. Saa moja ya kukaa chini ukikosea mbele ya anayejua, hiyo hainakiliki. Mgeni wangu alilipa kwa siku moja zaidi ya bei ya vyondo viwili, na hakuona kwamba amepunjwa.

Wiki ya tatu nilimwambia Mwalimu kila kitu, bei ninayouza na faida yangu. Nilitarajia kelele. Aliendelea kusuka kidogo, halafu akauliza: "Wewe ndiye unayeongeza hamsini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe ni mwizi mwenye adabu."

Tangu hapo tumekubaliana mambo machache. Natoa nusu mapema. Bei ninayouzia inaandikwa kwenye daftari la kikundi, na mjukuu wa mwenyekiti ndiye anayesoma kwa sauti. Tunatoa gharama, kinachobaki tunagawa, wao sehemu kubwa. Bado tunabishana nani alipie mikanda ya ngozi na nani abebe hasara kiondo kikirudishwa. Na mgeni akija kujifunza, hela yote ni ya kikundi, mimi napata ya nauli. Sijui kama tutafika mwaka mzima. Mwezi uliopita nilipata faida ndogo kuliko siku zote, na sitakudanganya kwamba nilifurahi.

Ile video ya Wajapani bado iko. Nimeandika masahihisho chini yake, na nimetoa nyingine kuhusu miche 62 ya Pangani. Ya kwanza inaendelea kupata watazamaji, ya pili haijafika hata robo. Naelewa. Mwizi wa mbali ni mtamu kumtukana.

Kuhusu swali la kichwani, jibu langu ni hili. Mmea ni wa nchi ya Wamaya na waliuchukua watu waliojua faida yake. Umbo ni la Wakamba na Wakikuyu. Rangi ni za dukani. Wala nailoni hatuwezi kuisahau, maana siku hizi wengi husuka kwa uzi huo huo ulioua mashamba ya mkonge. Kilicho chetu hapa Kinango ni kile kitendo cha gumba kubonyeza kitako na kujua kama ni wakati wa kuongeza mtande. Hicho hakuna aliyekiiba. Tumekuwa tukikinunua wenyewe kwa shilingi 20 kwa saa.

Nilipomaliza kiondo changu cha kwanza nilimpelekea nyanya. Haoni vizuri, kwa hiyo alikipitisha vidole polepole kuanzia kitako kwenda juu, kama mtu anayesoma. Alipofika katikati alisimama, akarudi, akabonyeza mahali pale pale mara mbili. Kisha akatafuta ncha ya uzi na kuanza kufumua. Alifumua mistari minane bila kusema neno, akanirudishia.

Jumamosi naenda tena chini ya mkwaju.